Trela ya kulala kando ya Ziwa Turkana: ipi ununue ukitokea Uganda

Jamaa wengi wa Kampala wanaotaka kwenda Turkana huanza kwa kuulizia bei ya karavani, yaani trela iliyojengwa kama nyumba. Mimi huanza na swali jingine: saa nane za usiku, upepo ukishaamka, wewe na watoto mtakuwa mmelala ndani ya nini? Jibu la swali hilo ndilo lililopanga orodha hii, na ndiyo sababu baadhi ya vitu vya bei kubwa vimekaa mkiani.

Ziwa lenyewe sehemu yake kubwa iko Kenya, ila kwetu ni jirani. Unapita Mbale, Soroti na Moroto, unateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Lokiriama, pale Waturkana wa Kenya na Wamatheniko, Wakaramojong wa upande wa Moroto, walipopatana mwaka 1973, kisha Lorugum na Lodwar. Lami inakufikisha Moroto. Baada ya hapo kuna changarawe, mawe na makorongo makavu ambayo hujaa ghafla mvua ikinyesha milimani. Ukiwa Moroto ulizia hali ya njia na ya usalama kabla ya kushuka. Anayeogopa mteremko huo azunguke Kitale, halafu apande kaskazini karibu kilomita 300 hadi Lodwar. Kwa njia yoyote, mwendo wa mwisho wa kufika ufukoni ni wa mchanga.

Upepo wa Turkana si wa kubahatisha. Hutoka kusini-mashariki ukipenya kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na nguvu zake huwa kubwa usiku mpaka asubuhi. Upande wa mashariki wa ziwa, kusini ya Loiyangalani, imesimikwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo huohuo, yenye uwezo wa megawati 310. Hakuna anayepeleka mitambo mingi kiasi hicho mahali penye upepo wa kupunga tu.

Safari yetu ya kwanza tulikwenda na hema la juu ya gari. Jioni palikuwa patulivu karibu na Eliye, kwenye ufuko wa magharibi, mikoma imesimama kimya, tukala samaki tukalala. Usiku wa manane turubai lilianza kupiga kama mtu anayekung'uta mkeka. Mke wangu akamkumbatia mtoto, mimi nikashikilia fremu kwa mikono miwili. Saa tisa tulishuka ngazi, tukalikunja gizani, tukalala kwenye viti vya gari. Tangu hapo sinunui wala simshauri mtu anunue kitu cha kulalia ziwa lile bila kufikiria usiku ule.

Ya kwanza: trela fupi ya kijumba chenye kuta ngumu

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Ni trela ya ekseli moja, juu yake kimejengwa kijumba kifupi cha kulala watu wawili, godoro la sentimita 140 kwa 200, na nyuma kuna mlango wa kuinua ambao chini yake ndipo penye jiko. Hausimami ndani, unaingia kulala tu. Wengine huidharau kwa hilo, lakini kimo hicho kifupi ndicho kinachoupitisha upepo juu ya kichwa chako. Ukiegesha shingo ya trela, ile sehemu ya mbele inayoungwa na gari, ikielekea kusini-mashariki, kijumba chote kinakuwa ukuta na jiko la nyuma linabaki kwenye kivuli cha upepo. Moto hauzimiki, na mchanga hauingii kwenye sufuria.

Uzuri mwingine ni kwamba inatengenezeka hapa. Mafundi wa Katwe, Kampala, huchomelea trela za mizigo kila siku. Ukiwapelekea mchoro wenye vipimo, kijumba si kazi ngumu kwao. Fundi aliyetengeneza yetu aliniambia, "Mzee, chuma hakivunjiki katikati, hufa pale ulipochomelea." Akaongeza vipande vya pembetatu kwenye kila kona ya chasisi na pale shingo inapoungana na fremu. Dai vipande hivyo hata kama fundi wako hakuvitaja. Kuta ziwe za karatasi mbili, nje alumini na ndani plaiwudi, katikati povu la unene wa milimita 25 au zaidi. Paa lipakwe rangi nyeupe. Madirisha mawili yanayotazamana yenye wavu wa mbu, na tundu la hewa juu. Mchana humo ndani pana joto na hutakaa humo. Usiku upepo uleule unaokusumbua nje unapoza kijumba ukifungua dirisha la upande uliokingwa na tundu la juu.

Jambo ambalo watu hulikosea zaidi ni magurudumu. Agiza habu (vitovu vya magurudumu) zenye idadi na nafasi ya boliti sawa na za gari lako, na matairi ya saizi ileile, ili spea moja iokoe vyombo viwili. Upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia uwe sawa na wa gari, maana kwenye mchanga trela inatakiwa ifuate njia ambayo gari limeshaikandamiza. Ikiwa nyembamba au pana kuliko gari, inachimba njia yake yenyewe na injini yako ndiyo inayolipa. Tumia beringi za Toyota ambazo utazipata soko la Kisekka, Kampala, leo na Lodwar kesho. Beringi ya mtindo usiojulikana inaweza kukulaza njiani siku tatu.

Uzito wote, pamoja na maji na vyakula, jitahidi usipite kilo 750. Ukipita hapo weka breki kwenye trela, bila mjadala. Na asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo iegemee kwenye kiungo cha gari. Ukipakia nyuma kupita kiasi trela huanza kutikisa mkia, na kwenye mteremko mkia huo unaweza kulipindua gari. RAV4 nzima kiafya inaivuta trela hii. Prado au Hilux hata haitaihisi. Ila gari lolote lile, soma kitabu chake ujue limeruhusiwa kuvuta kilo ngapi.

Ya pili: hema la turubai la kusimika chini

Asiye na fedha za trela asikate tamaa wala asikope. Hema zito la pamba, fupi, la kuba, lililofungwa vizuri, linalala Turkana bila shida. Epuka yale marefu ya vyumba viwili yenye nguzo za plastiki yanayouzwa kwa ajili ya sherehe za bustanini. Polista nyepesi huhifadhi joto na hupiga kelele, pamba inapumua.

Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga. Chukua magunia madogo, yajaze mchanga, funga kamba ya hema kwenye kila gunia, kisha ulizike kina cha goti. Simika nyuma ya gari, gari likiwa upande wa kusini-mashariki. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne, trela ya kijumba kwa wazazi na hema hili kwa watoto ni mpango mzuri kuliko karavani moja kubwa.

Ya tatu: karavani ya njia mbovu

Hizi ni zile zinazotengenezwa Afrika Kusini na Australia kwa ajili ya jangwa: chasisi nzito, springi imara, milango yenye mpira wa kuzuia vumbi, tangi la maji lililokingwa chini. Kama uwezo upo na una Land Cruiser ya kuivuta, utalala kama mfalme. Naiweka ya tatu kwa sababu ya uzito. Karavani ya tani moja na nusu ikizama kwenye mchanga wa Eliye, inahitaji gari la pili kuitoa, na wengi wetu husafiri na gari moja. Pia ushuru na usafirishaji huongeza sana juu ya bei uliyoiona kwenye tangazo. Piga hesabu za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Ukinunua iliyotumika, lala chini uitazame kwa tochi. Tafuta nyufa kwenye shingo, kutu pembeni mwa springi, na viraka vya kuchomelea vilivyopakwa rangi mpya. Ndani, bonyeza kuta kwa kidole gumba chini ya madirisha na kwenye kona. Zikibonyea, maji yameingia na mbao zimeoza.

Ya nne: kulala ndani ya Hiace au Noah

Ni salama kwa upepo na hulazimiki kusajili chombo cha pili. Toa viti, weka kitanda cha mbao. Lakini gari hizi zimekaa chini, na matairi yake membamba hayapendi mchanga. Ukiichukua, baki mji wa Kalokol au sehemu yenye njia ngumu, usijaribu ufuko wenyewe.

Ya tano: hema la juu ya gari, au lililo juu ya trela

Nimeshasimulia. Kwa hifadhi za Kidepo na Ziwa Mburo, ni kitu kizuri sana na sina neno baya. Kwa Turkana linakuinua mita mbili palepale upepo unapopita kwa nguvu. Ukiwa nalo tayari, chukua pia hema dogo la chini kwa ajili ya usiku mbaya, na hakikisha paa la gari linaruhusiwa kubeba uzito wake linapokuwa safarini.

Ya mwisho: karavani ya barabarani kutoka Ulaya

Inavutia machoni: makabati, pazia, choo, bei inayoonekana ya chini. Imejengwa kwa lami laini. Vijituta vya barabara ya changarawe hulegeza skrubu za makabati siku ya kwanza na viungo vya kuta siku ya pili. Zile za Ulaya bara mlango wake uko upande wa kulia, yaani kwetu tunaoendesha kushoto unashukia barabarani kwenye magari. Za Uingereza mlango uko kushoto, na hilo ni afadhali, lakini mwili ni uleule dhaifu. Ukishainunua iache Entebbe au Jinja.

Vitu vya ndani vinavyostahili fedha yako

Friji za gesi zilizomo kwenye karavani nyingi za zamani hushindwa kupoza joto likipita nyuzi 35, na zinataka chombo kikae sawa kama meza. Nunua ya kompresa ya volti 12. Paneli ya jua ya wati 200 inaitosha, kwa sababu jua si tatizo huko. Betri iwekwe mahali penye kivuli na hewa. Kiyoyozi kisahau; kinakula wati 1,000 au zaidi na kitakulazimisha kubeba jenereta ambayo majirani wataichukia.

Maji ndiyo mzigo wako mkubwa. Ya ziwa yana magadi na floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi floridi. Yafaa kunawa tu. Beba maji ya kunywa lita 6 kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia juu yake, kwenye madumu ya lita 20 badala ya tangi moja: dumu likitoboka unapoteza moja, na unaweza kuyapanga juu ya ekseli uzito ukae sawa. Kompresa ya upepo nayo ni lazima. Kwenye mchanga shusha matairi ya gari na ya trela hadi psi 16 au 18, ukirudi kwenye barabara ngumu uyajaze.

Usiegeshe karibu na maji. Mamba wapo wengi, na miaka ya karibuni ziwa limepanda likameza sehemu za ufuko zilizokuwa kambi.

Trela husajiliwa na kukatiwa bima yake. Mwambie wakala aiandike kwenye Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka, pamoja na gari. Raia wa Uganda anavuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini gari linataka kadi yake halisi ya usajili, au barua ya mwenyewe kama si lako.

Kabla ya Turkana, jaribu kila kitu Ziwa Albert. Chukua lami ya Hoima kwenda Kaiso, inayoteremka kwa ukali ndani ya hifadhi ya Kabwoya. Joto la huko chini ziwani litakuonyesha kama kijumba kinapumua, na mteremko utakuonyesha breki. Usiingie majini, kichocho kimejaa. Ukifika chini simama kando, sogeza kiganja karibu na kila habu ya trela. Moja ikiwa inaunguza na mwenzake ni vuguvugu, ifungue upande ule utazame beringi na breki kabla hujapanga siku ya kwenda Moroto.