Kalamu ya kuchorea kwenye kioo: nunua ipi ili mstari ukae unapoutaka

Usahihi wa mstari hautoki kwenye kalamu peke yake. Kioo nacho lazima kiwe kimeundwa kuitambua. Kioo cha simu ya kawaida kinasubiri kidole, ndiyo maana kalamu za ncha ya mpira nimeziweka mkiani kabisa. Zinaziba pale pale unapochora, hazijui mkono umekaza au umelegea, na ukiegemeza kiganja nacho kinachora. Zile za kuchaji zinazouzwa kwa maneno "inafanya kazi na simu zote" zina ncha nyembamba, lakini mgandamizo, yaani nguvu ya mkono unapokandamiza, hazipimi. Kwa kuandika noti zinatosha, kwa kuchora hapana.

Nafasi ya kwanza naipa kishikwambi cha Samsung Galaxy Tab S6 Lite. Kalamu yake, S Pen, huja ndani ya boksi na haina betri: chini ya kioo kuna tabaka linaloihisi kwa sumaku-umeme, hivyo kishikwambi hutofautisha kalamu na kiganja. Ilitoka 2020, kwa hiyo zilizotumika zipo. Muuzaji akikupa kishikwambi bila kalamu, punguza bei au ondoka.

Ya pili ni pedi isiyo na kioo, kama One by Wacom au za Huion, ya kuunganisha na kompyuta. Kama kompyuta unayo tayari, kwa usahihi unaoupata kwa kila shilingi hakuna inayoishinda. Shida ni kuzoea: mkono uko mezani, macho yako mbele. Tena usichukue pedi ndogo mno kwa skrini kubwa, maana kila mtetemo wa mkono unakuzwa.

iPad na Apple Pencil ni bora kwa ubora, ya tatu kwa sababu ya bei. Angalia sana: Apple Pencil ya USB-C, iliyotoka 2023, haina hisia ya mgandamizo. Na iPad za msingi zina nafasi kidogo kati ya kioo na picha, wino unaonekana umekaa pembeni ya ncha. iPad Air na iPad Pro hazina tatizo hilo.

Dukani, omba rula. Chora mstari wa mshazari polepole sana. Ukitoka na mawimbi, kifaa ndicho kinachotetema. Programu za kuchorea kama Krita na ibisPaint zina kitulizo cha mstari kinachoyaficha, ila ukikipandisha sana wino unachelewa nyuma ya mkono, basi jaribu kikiwa kimezimwa.