After We Collided: chai ilipoa tukibishana juu ya Hardin

Filamu hii nilikuwa naikwepa tangu ilipotoka mwaka 2020. Sehemu ya kwanza, After ya 2019, iliniudhi nikasema basi, yameisha. Jumamosi iliyopita mdogo wangu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, akaniomba tukae tuiangalie wote. Nikakubali kwa ajili yake. Ilipoisha tulibishana mpaka chai ikapoa mezani.

Kwa asiyeijua: Tessa (Josephine Langford) ameshagundua kwamba Hardin (Hero Fiennes Tiffin) alianza kumfuata kwa sababu ya mchezo wa kutambiana na marafiki zake. Wameachana. Tessa anaanza mafunzo ya kazi kwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, na huko anamkuta Trevor (Dylan Sprouse), kijana wa hesabu, mstaarabu, asiye na makuu. Kuanzia hapo ni kuachana na kurudiana. Wanagombana, wananuniana, wanaishia kitandani, kesho yake wanaanza upya. Na vya kitandani ni vingi kuliko sehemu ya kwanza, kwa hiyo usiiweke sebuleni wazazi wakiwepo.

Kilichonigusa kweli ni pale mama yake Hardin, Trish, anapokuja kutoka Uingereza kwa ajili ya Krismasi. Tessa na Hardin wanajifanya bado wako pamoja ili mama asiumie. Pale wanatulia. Wanaongea kama watu. Halafu usiku Hardin anashtuka kwa jinamizi, kwa sababu alipokuwa mtoto alishuhudia wanaume wakimdhuru mama yake, tena walikuwa wamekuja kumtafuta baba. Tessa hamhoji wala hamlaumu, anamtuliza tu. Mdogo wangu alikuwa amekumbatia mto, machozi yanamtoka. Mimi pia nililia, sitaficha.

Lakini machozi yakikauka unabaki na swali: kidonda hicho kinatibiwa lini? Hardin analewa, anavunja vitu, anamfuata Tessa mpaka hotelini Seattle, na filamu inatuonyesha hayo yote kama ushahidi kwamba anapenda sana. Nikamwambia mdogo wangu, "Huyu hampendi, anaogopa kuachwa." Akanijibu, "Dada, wewe huamini kwamba mtu anaweza kubadilika." Jibu hilo liliniuma, kwa sababu niliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Simu ishirini kwa usiku mmoja, kisha asubuhi anakuja na maua na macho mekundu. Niliamini miaka miwili. Mabadiliko ninayaamini, ila nataka kuyaona yakianza, na humu kila yanapoanza kinaletwa kisa kipya cha kuwagombanisha.

Nadhani chanzo ni asili ya hadithi yenyewe. Anna Todd, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hii, alianza kuiandika Wattpad, mtandao wa kusoma na kuandika hadithi, mwaka 2013, sura baada ya sura, akimuwazia mwimbaji Harry Styles wa bendi ya One Direction. Ukisoma sura moja leo na nyingine kesho, ugomvi unakaa nawe siku nzima, unaukasirikia, unausubiri uishe. Kwenye filamu ya saa moja na dakika arobaini na tano ugomvi ule ule unakuja kila baada ya dakika kumi, na ukifika wa nne huogopi tena kwamba wataachana.

Trevor ndiye anayenisikitisha zaidi. Anasikiliza, anaheshimu, anajua kukaa mbali akiambiwa akae mbali, na bado amewekwa pale awe sababu ya wivu wa Hardin, basi. Ningependa Tessa apewe hata tukio moja la kumfikiria kwa dhati, ili akimchagua Hardin tuone amechagua. Langford ana uwezo huo. Mtazame uso wake akiwa kazini, anavyonyooka mgongo na kuwa mtu mwenye mipango yake.

Mwongozaji, Roger Kumble, ndiye aliyetengeneza Cruel Intentions ya 1999, nayo ya kijana anayemtongoza msichana kwa dau. Picha zake ni nzuri, na watu wawili wanaotamaniana anajua kuwaonyesha.

Nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za Trish na usiku ule wa jinamizi. Mwisho unaingia mtu ambaye sikumtegemea, na ni kwa ajili yake nimekubali tuangalie sehemu ya tatu, After We Fell. Mdogo wangu ameshaitafuta.