Mafunzo ya ukaguzi wa wauzaji malighafi, Dodoma: uliza kwanza kama mtatoka nje ya ukumbi

Kama kampuni ndiyo inayolipa, nenda. Kama unatoa mfukoni, ulizia kwanza ratiba ya ziara. Nimemaliza mafunzo haya kwenye ukumbi mmoja jirani na Nyerere Square, na kilichonifaa nilikipata kwenye ziara ya ghala huko Kibaigwa, wilayani Kongwa.

Mimi ni ofisa ubora wa kiwanda kidogo cha siagi ya karanga. Karanga zetu zinatoka Kongwa na Mpwapwa kupitia mawakala.

Siku ya kwanza ilinichosha. Mwongozo wa ISO 19011, ule wa kimataifa wa namna ya kukagua mifumo ya usimamizi, toleo la 2018, ulisomwa karibu neno kwa neno, kwa Kiingereza, na mifano yote ni ya viwanda vya magari. Humo ndani tulikuwa watu wa alizeti kutoka Singida, wa mvinyo, wa maji ya chupa; hakuna aliyewahi kununua boliti. La maana lilikuwa moja: huu ni ukaguzi wa upande wa pili, mnunuzi anamkagua anayemuuzia, tofauti na kujikagua mwenyewe na tofauti na wanaokuja kutoa cheti. Hilo lingeisha kabla ya chai. (Chai yenyewe sina neno, chapati zilikuja za moto.)

Kibaigwa sasa. Mwezeshaji wetu, kaka mmoja mpole, aliiacha orodha yake kwenye gari. Akamwamkia mtunza ghala shikamoo, akauliza habari za msimu, kisha akasema: "Mzee, naomba unionyeshe gunia la mwisho mlilolikataa." Kimya. Likaletwa daftari. Mapokezi ya msimu mzima, na halikurudishwa hata gunia moja. Safu ya unyevu, kwa asilimia, imeandikwa 13, 13, 13 mpaka chini ya ukurasa, wino ule ule. Akaomba kipima unyevu. Kikatolewa kabatini, betri hazimo. Hakumkaripia mtu. Aliandika, akaenda kwenye mizani kuangalia stika ya Wakala wa Vipimo (ipo, ya mwaka huu), akachagua gunia katikati ya rundo na kuomba karatasi zake mpaka kijiji lilikotoka. Vijana wa ghala walifika kwenye jina la wakala, wakaishia hapo.

Jioni tukaandika matokeo. Mwenzetu wa alizeti akaandika "usimamizi wa ghala ni mbovu". Karatasi ikarudishwa: andika mkataba unadai nini, umeona nini, umekionea wapi. Ikawa hivi: "Mkataba unataka unyevu upimwe kila mzigo unapopokelewa. Kipima unyevu hakikuwa na betri, ilhali daftari lina vipimo vya asubuhi ya leo." Hapo mwenye ghala atabisha nini? Kwa sentensi hiyo peke yake nilihesabu ada imerudi.

Lawama yangu ni kwenye sampuli. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilizika watu kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, halafu somo la kuchukua sampuli linapewa muda wa kumalizia siku, watu wameshafunga mabegi! Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na sumu hiyo haijitawanyi sawasawa. Gunia moja safi, la pembeni yake limejaa sumu. Ukichoma bambo (kile chuma cha kuchotea sampuli) magunia mawili ya mlangoni, hujapima kitu. Hayo tulitakiwa kuyafanya kwa mikono, siyo kuyaona kwenye picha.

Pia hawana jibu kwa muuzaji asiye na karatasi. Wakala wangu wa Mpwapwa ofisi yake ni simu na pikipiki. Nilipouliza nimkague vipi, nikaambiwa "mwelimishe". Ahsante.

Ada ni shilingi 450,000 pamoja na chakula na usafiri wa Kibaigwa. Cheti ni cha kuhudhuria tu, hakikufanyi mkaguzi aliyesajiliwa, kwa hiyo usimwahidi bosi makubwa. Chagua awamu ya Juni au Julai, mzigo ukiwa unaingia. Waliokwenda Februari walikuta ghala limefagiliwa.