Dar kwenda Dodoma: ukate tiketi ya treni, basi au ndege?

Kama mishe zako zinakupeleka Dodoma mara kwa mara, hii ni yako, mi naenda kila mwezi na nimeshapanda vyote vitatu.

Namba moja kwangu ni SGR, yaani treni ya umeme ya reli ya kisasa, wala sifikirii mara mbili. Toka ianze kufika Dodoma Julai 2024 safari imebadilika kabisa, treni inagonga mpaka kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo ukipanda ile ya haraka au mchongoko, ile yenye kichwa kilichochongoka, ni kama masaa matatu na nusu hivi, unawahi kikao na jioni ukiamua unarudi. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilipangwa shilingi 31,000, na kwa muda unaookoa naona ni halali kabisa. Stesheni ya Dar iko mjini kabisa, ila ukiwa unakaa Gongo la Mboto au Chanika usihangaike kuja mjini, kata tiketi ya kupandia Pugu kama treni yako inasimama pale. Sasa sikilizeni vizuri hapa maana watu wanaachwa kila siku: ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege, mizigo inapita kwenye mashine, kitambulisho kinaangaliwa, na muda ukifika treni inaondoka kweli. Nimemuona dada mmoja na begi lake na mtoto mgongoni, tiketi anayo mkononi, geti limefungwa dakika mbili tu zilizopita, iliniuma sana. Fika lisaa limoja kabla au zaidi. Na wikendi na sikukuu kata mapema mtandaoni, siti zinaisha.

Namba mbili basi. Ndio ni masaa nane au zaidi, Kibaha foleni, Chalinze malori, ukifika Gairo mgongo umeshachoka, mara moja tulikaa Dumila zaidi ya masaa mawili kisa lori limeziba barabara. Lakini basi lina kazi yake jamani. Kama umefunga mzigo Kariakoo, mabalo mawili ya nguo, treni haikufai, nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi wapime mzigo ulipie upakie kwenye buti. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, kama unaenda wizarani Mtumba basi la kutoka Dar linapita pale pale barabarani kabla hujaingia mjini, unamwambia konda unashuka, wakati stesheni ya SGR iko Mkonze upande wa pili wa mji, kwa hiyo ukishuka kwenye treni ongeza hela ya bajaji au teksi. Na kwa vile mabasi yalisharuhusiwa kutembea usiku, unaweza kulala njiani ukafika asubuhi, ila hapo chagua lenye siti mbili kwa mbili, usibane hela.

Ndege naiweka ya mwisho. Angani ni kama lisaa tu na uwanja wa Dodoma uko karibu sana na mjini, hilo naipa. Ila hesabu foleni ya barabara ya Nyerere, hesabu kusubiri pale uwanjani, unakuta umeikaribia treni kwa bei kubwa mara kadhaa. Kata ndege kama ofisi ndo inalipa, au kama una mgonjwa ambaye hawezi kukaa muda mrefu.