Seti ya kompyuta ya kizamani: bodi tamu, muuzaji sasa...

Jamani kuna watu wana roho ngumu. Nilinunua seti ya kujiundia kompyuta ya mtindo wa miaka ya 80, ila picha inatoka kwenye skrini ya kisasa, kibodi ni ya USB na programu zinakaa kwenye memori kadi badala ya kaseti. Bodi yenyewe sina la kusema, safi kabisa, nikalehemu taratibu usiku usiku najiona fundi kweli kweli.

Nikawasha. Giza. Nikagusa prosesa, mama yangu, inaunguza! Juu imeandikwa Z84C0020, yaani prosesa ya Z80, toleo la CMOS (lisilokula umeme mwingi) la megahezi 20, na wanaozijua wanajua hiyo haichemki kwa megahezi 7 na kitu za bodi hii. Nikachukua pamba yenye asetoni nikaifuta mgongo, rangi nyeusi ikatoka na maandishi yakaondoka nayo, chini mikwaruzo ya msasa tupu. Wameing'oa kwenye mtambo wa zamani, wakaisugua, wakaipaka rangi, wakaipandisha cheo ionekane mpya na ya kasi!

Najua 2024 Zilog, watengenezaji wenyewe, walitangaza wanaacha kutengeneza ile Z80 ya pini 40 iliyokuwepo tangu 1976, kwa hiyo mpya ni za kugombania. Sawa. Si useme tu ni ya zamani? Ningenunua hivyo hivyo.

Ila kilichoniudhi hasa ni jibu. Nimetuma picha, pamba nyeusi hiyo hapo, muuzaji ananijibu "jifunze kulehemu kwanza ndugu". Mimi?? Picha za viungo nilivyolehemu hata hakuziangalia. Nikaandika tena kwa adabu zote, kimya, siku zinaenda, mwisho ananirushia emoji ya kucheka. Emoji!

Kwa hasira nikang'oa kristali, ile inayoipa prosesa mapigo ya saa, nikaweka ya megahezi 3.6864, nusu ya ile ya kwanza, labda prosesa ya zamani itaimudu. Kwanza ikanitapikia herufi za ajabu, maana saa ikipungua nusu na kasi ya siriali (njia ya bodi kuongea na skrini) nayo inapungua nusu, nikashusha upande wa skrini toka 115200 hadi 57600 na hiyo hapo BASIC, lugha ya programu ya enzi hizo, kishale kinapepesa. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Sasa nyota ngapi? Nilikuja kutoa moja. Bodi ni tano, wallahi, kama una Z80 ya uhakika chukua bodi tupu... halafu nikiikumbuka ile emoji, hapana, msiwape hela hao, michoro ya bodi za aina hii imejaa mtandaoni bure, kachapishe yako. Yangu lakini simuuzii mtu.