Kitabu cha mtumba cha Waingereza wa Jamestown nilichonunua Majengo, elfu saba, na huduma ya yule kaka

Wapenda vitabu wa Dodoma, wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka sokoni Majengo na mlenda wangu nikamkuta kaka mmoja katandaza turubai, vitabu vya mitumba vimejaa, vingi vya hesabu na vya dini, katikati nikaona kinene kina kava la bluu limechanika kona, kinaelezea maisha ya Waingereza wa kwanza kuhamia Marekani, walikula nini, walijenga vipi, waliugua nini. Akasema elfu kumi, tukaelewana saba, nikalipa kwa simu.

Kilichonikamata ni kwamba hakianzi na wafalme, kinaanza na maji. Mei 1607 kampuni ya wafanyabiashara wa London, Virginia Company, ilishusha wanaume na wavulana kama 104 kando ya mto wakapaita Jamestown, walipapenda maana kina ni kirefu meli inafungwa kwenye miti ya ukingoni kabisa, na Wahispania wakija ni rahisi kujilinda. Kumbe ni kinamasi, mbu tele, na kiangazi mto ukipungua maji ya bahari yanapanda, ndiyo hayo wakawa wanakunywa. Sisi wa hapa chumvi tunaijua, chai ya maji ya kisima ukiionja tu unajua, na birika langu linafanya ukoko mweupe mpaka naukwangua na kisu, ila yao ilikuwa balaa zaidi kwa sababu uchafu wao wenyewe ulikuwa hauondoki na mto, unazungukazunguka palepale wanapochota. Kuhara na homa, yaani kufika Januari 1608 wamebaki 38.

Na mvua hakuna. Wataalamu walisoma pete za miti ya kale ya kule wakaona 1606 mpaka 1612 ndiyo miaka saba mikavu kuliko yote ndani ya miaka 770. Hao watu wengi walikuja wanawaza dhahabu, jembe hawajawahi kulishika, wakawa wanategemea mahindi ya wenyeji, Wapowhatan, ambao na wao mwaka umewakatalia. Fikiria una debe mbili ndani na watoto wanakuangalia, anakuja mgeni na bunduki anataka umpe. Kitabu kinaeleza hapo vizuri sana jinsi kubadilishana mahindi kwa shaba na shanga kulivyogeuka kupigana.

Sasa nikafika baridi ya 1609 kuingia 1610, ile wanayoiita Wakati wa Njaa, nageuza karatasi, kutoka ukurasa wa 88 naingia wa 105. Kurasa kumi na sita hazipo! Niliumia jamani, usiku ule nilishindwa hata kuendelea. Kesho yake nikarudi nacho, nimejiandaa kwa ubishi, lakini yule kaka alikifungua mwenyewe akahesabu, akasema "Samahani mama, hili sikuliona, niachie siku tatu." Siku ya tatu akanipigia. Alipata nakala nyingine kwa mwenzake, akaenda stationari akanitolea fotokopi zote kumi na sita, amezibana kwa pini na kuzipanga sawa, hela hakutaka, nikamlazimisha achukue angalau ya fotokopi.

Nikazisoma usiku huohuo. Walikula farasi, wakaja mbwa, panya, nyoka, ngozi za viatu. Mwaka 2012 wachimbaji walikuta kwenye shimo la taka mifupa ya binti wa kama miaka 14 yenye alama za kisu, maana yake alipokufa walimla. Meli zilipofika Mei 1610 ngomeni walikuwa wamebaki watu kama 60. Nilikumbuka bibi yangu mzaa baba alivyokuwa anatusimulia Mtunya, njaa ya Ugogo ya 1917 mpaka 1920, aliyosimuliwa na mama yake, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yamepita yamezoa ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata, watu wakachemsha ngozi za kulalia. Bibi akifika hapo alikuwa ananyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Ya Plymouth, makazi mengine ya Waingereza kaskazini zaidi, ni fupi ila nzuri. Meli yao Mayflower 1620, abiria 102, baridi ya kwanza ikaondoka na karibu nusu. Tisquantum, mwenyeji wa pale aliyewafundisha kupanda mahindi kwa kufukia samaki shinani alikuwa ameibwa 1614 akapelekwa Hispania kuuzwa, akapitia London, aliporudi 1619 kijiji chake chote kimeisha kwa ugonjwa. Hapo nililia.

Kinachoniudhi kweli ni cha 1619. Waafrika ishirini na kitu kutoka Angola, walionyang'anywa kwenye meli ya Wareno, wanashushwa Virginia, koloni hilohilo la Jamestown, wabadilishwe kwa chakula, na mwandishi kawapa aya moja! Samani za nyumba kazipa sura nzima. Tumbaku kaieleza vizuri, namna John Rolfe, mlowezi wa Jamestown, alivyoipanda kuanzia 1612 mpaka ikawa ndiyo hela ya pale, na vijana maskini wa Kiingereza waliofungwa kazi miaka minne mpaka saba kulipia nauli, lakini hao wengine waliokuja kuilima vizazi na vizazi, aya moja. Hapana.

Maandishi ni madogo, ukiwa na macho kama yangu tafuta taa nzuri. Kiingereza chake mwanafunzi wa kidato cha tano anakiweza. Yule kaka yupo kuanzia saa nane mchana, bei inaongeleka, ila hesabu kurasa kabla ya kulipa. Mimi nimeshamwambia akipata chochote cha Waafrika wa Virginia anifichie, na hapo sitaomba apunguze.