Gari la kulala safarini: lipi ununue, lipi uliache

Wengi wanaoniuliza kuhusu gari la kulala safarini huanza na injini: dizeli au petroli, inakula kiasi gani. Mimi huwauliza urefu wao. Mtu wa futi sita akilala amejikunja usiku kucha, kesho yake si dereva wa kumkabidhi barabara ya Dodoma hadi Mwanza. Kwa hiyo nimeyapanga magari haya kwa kuangalia kwanza unavyolala, kisha spea, mwisho barabara.

La kwanza: Toyota HiAce ya mizigo

Nazungumzia umbo lililoanza kutoka 2004, bodi ndefu, yenye viti vya mbele peke yake. Sakafu ya nyuma ina urefu wa mita 3 hivi. Ukiweka kitanda cha mita 1.9, bado unabaki na nafasi ya jiko, nguo na madumu mawili ya maji. Tena hili ndilo gari la daladala na matatu. Likigoma Manyoni saa kumi jioni, utampata fundi ambaye injini hiyo ameshaifungua mara nyingi, na duka lenye pedi zake za breki. Kwangu mimi hilo linashinda urembo wote wa ndani.

Iliyokwisha kubeba abiria usiichukue, hata ukipunguziwa bei. Imeshachoka, na viti vikishang'olewa huacha matundu sakafuni yanayoingiza vumbi na maji. Hata iliyotoka Japani moja kwa moja, ingia uvunguni na tochi. Zile zilizotumika mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, huja na kutu kwenye chesisi. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa uvungu mzima, ikwangue kidogo kwa ufunguo mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka.

Ina kasoro zake. Injini iko chini ya viti vya mbele, na mchana wa jua kali joto lake unalisikia mapajani. Springi za nyuma ni za kubebea mzigo, kwa hiyo likiwa tupu linarusha. Halafu kuna unyevu. Usiku mmoja Lushoto nilifunga madirisha yote kwa sababu ya baridi. Alfajiri niliamshwa na tone shingoni, kisha jingine. Bati la dari lilikuwa limetota kwa pumzi zetu wenyewe, na godoro limelowa upande wote wa ukutani. Tangu siku hiyo nalala madirisha ya pande mbili yakiwa wazi vidole viwili, nimeyawekea neti ya mbu, na plaiwudi ya kitanda niliitoboa matundu ili godoro lipumue.

La pili: Land Cruiser mkonga na hema la juu

Mkonga ni ile Land Cruiser ngumu yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Kama safari zako nyingi ni za porini, Ruaha, Katavi au Turkana, lipandishe hili liwe la kwanza. Udongo mweusi ukilowa, HiAce ya kawaida haina lake pale. Ila hema la juu, lile linalofungwa juu ya paa na kupandwa kwa ngazi, lina uzito wa kilo 50 hadi 70, na uzito huo ukiwa juu gari huyumba zaidi kwenye kona. Muulize muuzaji wa keria inahimili kilo ngapi gari likiwa linatembea. Kiwango cha gari lililosimama ni kikubwa zaidi, na ndicho wengi hupenda kukitaja. Fikiria na ngazi pia. Kambi za umma za Seronera, ndani ya Serengeti, hazina uzio. Kumshusha mtoto saa nane usiku aende msalani huku fisi analia jirani ni jambo la kuliwaza kabla hujalipa.

La tatu: Toyota Noah

Ni ya bei nafuu, ni laini barabarani, na viti vinalala. Vikilala vinaacha vifundo, kwa hiyo tandika plaiwudi kabla ya godoro. Tumbo lake liko chini: Tanga na Mwanza utafika, Loliondo usijaribu.

Trela la kulala linamfaa anayekaa mahali pamoja wiki nzima au zaidi. Nyumba-gari kubwa za Ulaya, zenye choo na bafu, ningeziacha. Nyingi zina usukani wa kushoto, na Kenya kwa kawaida haisajili gari la namna hiyo wala lililozidi miaka 8. Tanzania hupokea gari kuukuu, lakini kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Na pampu yake ya maji ikifa, utaitafuta mpaka uchoke.

Pesa iliyobaki

Nunua betri ya pili, usitegemee ya kuwashia gari. Friji ndogo ya volti 12 kwenye joto inaweza kula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inakupa siku moja na kidogo. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kutumia 80 bila kuiumiza, yaani siku mbili bila jua. Ni ghali, lakini kama friji ina dawa za mgonjwa au maziwa ya mtoto, jinyime kwingine.

Kwa jiko, chukua gesi ya mtungi wa kilo 6 na upikie nje, au mlango ukiwa wazi kabisa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari kamwe, hata makaa yakiwa yamebaki majivu na baridi ya Ngorongoro inauma. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haisikii. Baridi ikizidi, ongeza blanketi na uvae soksi.